Matela ya Nsama na Doa Lililopotea

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Hapana, ngoja. Tisini na saba Papa Guylain alikuwa angali Lubumbashi na foni yake, na miye nilikuwa Kafutuma nikiuguza muguu. Basi tisini na nane. Hapana, hata ule si wenyewe, maana tisini na nane vita vilikuwa vipya na watu walikuwa wanavuka ziwa na vyungu na watoto tu, hakuna aliyekuwa na akili ya kununua matela, ndiyo godoro. Ni tisini na tisa. Tuandike tisini na tisa, na kama kuna mwenye kukumbuka kunipita, aje anisahihishe nikiwa hai.

Mwaka ule hapa Nchelenge alikuwako bwana mumoja, jina lake Nsama. Nilimujua tangu akiwa kijana wa kuvuta nyavu. Mutu mwembamba mwenye sauti nene. Ukimusikia nyuma ya ukuta ungetayarisha kiti kikubwa, halafu anaingia yeye. Uvuvi ulimushinda mapema. Wenzake walisema hawezi kunyamaza ndani ya mutumbwi, anaongea juu ya samaki kabla hawajavuliwa, na samaki wanasikia, wanaenda zao. Akaacha ziwa, akashika meza pale soko la Kashikishi, akauza sufuria, taa, viatu na vikorokoro vingine. Hapo sauti ilimusaidia, halafu ikamuzidi. Nsama akisifia sufuria, ungefikiri imesoma shule. Wamama wa meza za jirani hawakusikilizana tena na wanunuzi wao. Wakalalamika, meza yake ikasogezwa karibu na choo. Watu wa chooni nao wakalalamika, ikasogezwa ng'ambo ya barabara. Mwisho ilikuwa mbali sana, hata yeye mwenyewe alichoka kwenda.

Ndipo Papa Guylain akavuka ziwa, na batri ya gari kichwani. Alikuja na foni, ile radio ya kuongelea: unafinya kitufe, unasema, unakiachia, unasikia. Waya wake aliufunga juu ya muti wa mapapai. Foni nyingine ilikuwa kisiwani Kilwa, humuhumu ziwani, nyingine Mununga, nyingine Pweto. Kila asubuhi, baada ya habari za wagonjwa na za misiba, Papa Guylain aliwapa wauzaji nafasi. Unataja kitu chako, mutu wa kisiwani anajibu kwamba anakitaka, kitu kinapanda boti, na samaki wa kulipia wanarudi na boti ileile. Mununuzi hajaona kitu, muuzaji hajaona mununuzi. Kwa mutu kama Nsama ilikuwa mbingu imeshuka. Alikaa mbele ya ile foni amenyoosha shingo, anasifia, na ziwa nzima linasikiliza.

Lakini Papa Guylain alikuwa na sheria, mwenyewe aliita reglema. Kitu kikirudishwa kwa sababu hakifanani na maneno yaliyosemwa, muuzaji analipa amande, ndiyo faini: beseni moja la chisense, wale samaki wadogo wa kuanika juu ya mchanga. Na mwenye kurudishiwa mara tatu kabla serikali haijafunga uvuvi wa ziwa mwezi wa kumi na mbili, huyo anafukuzwa kwenye foni.

"Batri yangu haile uongo," alisema Papa Guylain. Chisense yenyewe alikuwa anaila yeye.

Sasa, kisiwani Kilwa alikuwako Mama Brigitte, muuza chumvi na sabuni, mwanamuke mwenye mikono minene na kicheko cha kuamsha mbwa. Aliishi na mama yake muzee. Mama Brigitte ndiye aliyekuwa mununuzi mukubwa wa Nsama, na ndiye aliyekuwa anarudisha.

Kwanza alirudisha sufuria. Nsama alikuwa amesema inatosha harusi nzima na wageni wasioalikwa. Ikarudi nyeusi tii, na punje za muchele zimeganda ubavuni. Asubuhi, sisi wote tumekaa chini ya mapapai, sauti ya Mama Brigitte ikatoka ndani ya foni:

"Nsama! Sufuria yako ni ndogo. Nairudisha. Avu!"

Avu ni neno la foni, maana yake zamu yako.

"Mama, lakini mumeipikia! Avu!"

"Ndiyo tumeipikia. Wenye kualikwa walishiba. Wenye hawakualikwa njo walikosa. Na weye ulisema nabo batashiba. Avu!"

Papa Guylain akasema, amande. Beauty, muke wa Nsama, akabeba beseni la kwanza.

Halafu jogoo. Nsama alisema anawika mpaka malaika wanatafuta viatu vyao. Yule jogoo alikaa Kilwa muda murefu, akarudi amekonda, macho yameingia ndani, na neno la Mama Brigitte lilikuwa kwamba hawiki. Mwenye boti akatueleza kwa chini-chini kwamba uwanja wa yule mama umejaa vifaranga wenye kishungi kama cha huyo jogoo.

"Papa Guylain," Nsama akalia, "huyu jogoo amefanya kazi!"

"Ulitangaza nini? Kuwika. Aliwika?"

"Alichoka, Papa. Angewika saa ngapi?"

"Hiyo kazi nyingine haukuitangaza. Amande."

Beauty akabeba beseni la pili. Aliporudi alikaa kwenye kizingiti, akamutazama muume wake kama mutu anayepima kitambaa.

"Ba Nsama, bado moja. Wakikufukuza pale utaenda wapi na ile sauti? Soko walikukataa. Ziwa lilikukataa. Utabaki hapa nyumbani unanisifia miye muchana kutwa, na miye nguvu ya kukusikiliza sina."

Maneno haya yalimuingia. Siku zile nilikuwa nalala kwenye baraza yao, maana miye ni mutu wa kulala mahali nilipofika, nikamuona Nsama anatembea uwanjani, mikono nyuma. Asubuhi akaniambia amepata dawa. Kama kusifia kunaleta amande, ataanza kusema vitu vyake vibaya. Nani atarudisha kitu kwa kusema ni kizuri?

Nikaona ni akili. Miye sikusoma sana, lakini niliona ni akili.

Alikuwa na matela, ameinunua kwa mwalimu aliyehama. Tukaenda kwa foni. Nsama akafinya kitufe, akasema kwa sauti ndogo ambayo hatujawahi kuisikia kwake:

"Wandugu, niko na matela. Si nzuri sana. Ni ya zamani. Upande wa miguu iko na doa ya chai, kubwa kama sahani. Mwenye anataka achukue, na mwenye hataki simulaumu. Avu."

Papa Guylain aliinama akapigapiga batri, alifikiri imekufa. Halafu foni ikalipuka:

"Naitaka! Usimupe mutu! Niko napanga samaki kikapuni sasa hivi! Avu!"

Mama Brigitte. Baadaye tulisikia alivyowaeleza watu wa Kilwa: "Nsama akisifia kitu, ni kibaya. Sasa hii ameisema vibaya. Munaona? Ni nzuri kabisa, anataka abaki nayo alalie yeye."

Nsama akarudi nyumbani anacheza. Matela ikatolewa nje ili ifungwe kamba. Na Beauty akaiona.

Hapa nataka kumutetea Beauty. Yeye ni mwanamuke aliyelelewa vizuri. Hawezi kutuma kitu kichafu kwenye nyumba ya mutu, watu wakasema muke wa Nsama hajui sabuni. Muume wake alipoenda kutafuta kamba, akashika lile doa. Akalisugua kwa sabuni na majivu, akalisugua kwa limau, akaianika juani, akaipiga kwa fimbo. Nsama alirudi akaikuta imekunjwa na kufungwa vizuri, akaibeba mpaka kwenye boti, akashukuru Mungu amemupa muke mwenye haraka.

Boti ilifika Kilwa jioni. Asubuhi yake foni ilianza kupiga kelele kabla hata ya habari za misiba.

"Nsama! Doa yangu iko wapi? Avu!"

"Doa gani, mama? Avu!"

"Doa ya chai! Kubwa kama sahani! Nimetafuta upande wa miguu, nimetafuta upande wa kichwa, nimeita majirani watafute. Hakuna. Hii si matela yenye ulitangaza. Ile yangu ulimupa nani? Na hii nyeupe hivi umeitoa wapi, kwa maiti? Avu!"

Watu chini ya mapapai walicheka mpaka mumoja akaanguka toka kwenye benchi. Papa Guylain hakucheka. Aliinua kidole.

"Haifanani na maneno. Mama Brigitte, uirudishe na boti ya kesho kutwa. Nsama, reglema unaijua. Ikifika hapa, ni ya tatu."

Nsama akamugeukia muke wake. Beauty akatazama papai.

"Nilidhani nakusaidia," akasema.

"Umenisafisha kabisa, mama."

Njia ilikuwa moja: kwenda Kilwa kumuomba yule mama asiipandishe matela kwenye boti. Miye nilikuwa na safari yangu ya kwenda popote, nikaona popote inaweza kuwa Kilwa. Tukapata nafasi katika mutumbwi wa wavuvi. Nsama alikuwa na termos ameikumbatia kifuani njia nzima, hakumupa mutu hata tone. Nikamuuliza, rafiki yangu, chai ya nini? Akasema akipata nafasi kidogo, Mama Brigitte akigeuka tu, ataimwaga upande wa miguu. Doa litarudi mahali pake, na maneno yatafanana na kitu.

Tukamukuta Mama Brigitte mulangoni, matela imekunjwa, kamba tayari. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mukeka, muzee sana, tulimuita Nkambo, ndiyo bibi, kama kila mutu. Mama Brigitte alipomuona Nsama alimutazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Njo weye Nsama mwenyewe? Ile sauti yote inatoka mu kifua hiki?"

"Njo miye, mama. Jambo yenu. Nimekuja kwa magoti."

"Magoti yako usinichafulie uwanja. Matela inarudi."

"Mama, ikirudi wananifukuza."

"Wakufukuze. Miye nilinunua doa."

Walibishana hivyo, yeye anaomba, yule anakaza kamba. Nsama akijaribu kupita upande wa matela, yule mama anajiweka katikati na ile mikono. Nkambo akawa anatazama termos tu.

"Mutoto," akasema, "hiyo termos ni ya nini?"

Nsama alikuwa amechoka na ubishi, ukweli ukamutoka. "Nkambo, ni doa."

"Ni nini?"

"Ni doa ya Mama Brigitte. Nilikuwa nimemuletea."

Nkambo akanyoosha mukono, akachukua termos, akamimina kwenye kifuniko, akanywa polepole.

"Doa yako haina sukari ya kutosha," akasema. Halafu akamukazia macho. "Miye nimezeeka, lakini mutu mwenye kubeba doa ndani ya termos kuvuka ziwa sijamuona. Mama yako alikuwa wa mukowa gani?"

Mukowa ni ukoo, ule wa upande wa mama, na ni swali ambalo wazee wetu huku wanauliza kabla ya kukupa kiti. Nsama alikuwa amesahau kuutaja mukowa wake, kwa haraka yake ya kuomba.

"Bena Bowa, Nkambo. Watu wa Uyoga."

Nkambo aliweka kifuniko chini. Mama Brigitte akaachia kamba. Wakatazamana, na kile kicheko kikatoka, mbwa wakaamka kweli.

"Uyoga! Huyu ni Uyoga! Na siye tuko bena Mfula! Tuko Mvua!"

"Uyoga mutupu!" Nkambo akapiga makofi. "Ungeota wapi bila siye? Nani alikupa ruhusa ya kuwa mukavu?"

Hapa mwenye kusoma wa mbali anaweza kupotea, basi nimushike mukono. Kwetu huku, pande zote mbili za ziwa, koo zinataniana mbili mbili. Mvua na Uyoga ni watani, tunasema wanungwe, kwa sababu mvua isiponyesha uyoga hauoti. Munungwe wako anaweza kukutukana mbele ya mukwe wako, na unacheka. Anaweza kuingia kwako akapora kuku, na unacheka. Kukasirika ni mwiko, na kumutoza munungwe faini ni kujitafutia aibu mpaka kaburini. Na kitu kilichoporwa kwa unungwe hakirudi. Kukirudisha ni kumutukana mwenye kuporwa, kama kumuambia hatupendani.

Mama Brigitte akafungua kamba, akaitandaza matela, akajitupa juu yake.

"Kumbe nilikuwa nataka kulipa uyoga! Nimepora hii. Nitalala hapa, na samaki wako hauoni hata mukia."

Nsama alikuwa muzito kidogo akiwa na furaha. Nikamusukuma kwa kiwiko. Ndipo akakumbuka kwamba njia hii inaenda na kurudi. Akaruka, akashika kichanja cha juu ya moto, akateremsha vikapu viwili vya samaki waliokaushwa, na bei ya matela ilikuwa kikapu kimoja.

"Mwizi!" Mama Brigitte akalia kwa furaha.

"Mvua inakausha samaki tangu lini?" Nsama akajibu, na sauti yake yote ilikuwa imerudi.

Asubuhi ya boti tulikuwa tumerudi chini ya mapapai. Watu walijaa kuona anavyofukuzwa. Papa Guylain akafinya kitufe.

"Mama Brigitte, matela imepanda boti? Avu!"

"Matela gani? Avu!"

"Yenye ulikuwa unarudisha. Avu!"

"Kurudisha? Nimeipora! Yule ni Uyoga, munungwe wangu. Umuambie alete na muto. Avu!"

Papa Guylain ni mutu wa muji mukubwa, mambo ya mvua na uyoga hakuyajua. Tulimueleza sote kwa pamoja, kila mutu kwa luga yake, mpaka akaziba masikio.

"Reglema yangu haina neno la uyoga," akasema. Akafikiri. "Mama huyu anarudisha?"

"Harudishi," tukasema.

"Kama hakuna kurudisha, hakuna amande. Nsama, kaa. Una kitu leo?"

Nsama akakaa, akanyoosha shingo, akasifia muto ambao hata hakuwa nao.

Ingekuwa imeisha hapo. Lakini foni inasikiwa na ziwa nzima. Kabla wiki haijaisha, kila mununuzi wa Nsama alikuwa Mvua. Pweto walikuwa Mvua. Mununga walikuwa Mvua, kijiji kwa kijiji. Mutu anaagiza taa, taa inafika, halafu anaita: "Munungwe! Nimepora! Avu!" Muuza nyavu mumoja wa Mununga, Carlos, aliyezaliwa Likasi na ambaye baba yake, nasikia, alikuwa fundi cherehani wa mbali sana, alipora taa ya karabai akisema nyanya yake alikuwa Mvua ya kwanza.

"Hawarudishi tena," Beauty akasema. "Na hawalipi tena. Muume wangu amepona."

Nsama hakukasirika, maana ni mwiko. Alienda kwa foni akasema kwa upole: "Wanungwe wangu wa Mununga, nimefurahi kujua tuko wengi. Nakuja kuwasalimu kwa mikono miwili. Avu!"

Tulifika Mununga muchana, mawingu yameshuka juu ya ziwa. Nsama alianza kwa Carlos. Akaingia bila hodi, akapaza "Munungwe!", akainua chungu cha samaki kwenye moto, na bukari, ndiyo ugali, pembeni, akatoka navyo. Carlos alicheka kwa meno tu, macho yalikuwa yanafuata chungu. Nyumba ya pili Nsama akatoka na kiti na bata. Ya tatu, mwenye nyumba alikuwa barabarani tayari, anaeleza watu kwamba amekumbuka vizuri, mama yake alikuwa wa Tembo, na akaleta mwenyewe samaki wa kulipia taa yake bila kuombwa. Wengine walikaza kuwa Mvua, kwa aibu ya kugeuka mbele za watu. Na Nsama kila kitu alichopora alikisifia kwa ile sauti, akipita nacho katikati ya soko: bata huyu ni wa kifalme, kiti hiki kimekaliwa na watu wenye akili. Sijamuona akiwa na furaha kama siku ile.

Ndipo ikanyesha. Ilikuja toka ziwani kwa mukupuo, matone makubwa kama sumuni. Wale wote, Carlos mbele yao, wakakimbia wakajazana chini ya hema moja la wauza samaki, wanasukumana, wamejifunika magunia na majani ya ndizi. Nje alibaki Uyoga peke yake na chungu kichwani, anacheka, analowa. Nikabaki naye, maana miye ni wa mukowa wa Samaki, maji si adui yangu. Nikawasogelea pale hemani, nikawauliza kwa heshima, na mpaka leo, kila nikipita Mununga nikiwauliza tena, wanaanza kuongea habari ya nyavu:

"Wandugu wa Mvua, munakimbia nani?"